Kibao cha Danida bado kipo kwenye tenki. Wadenishi wamekwenda wapi?

Swali la leo limetoka kwa mhazini wa jumuiya ya watumiaji maji katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilolo, Iringa. Ameandika hivi:

"Shikamoo mzee. Bomba letu la mserereko lilijengwa na Wadenishi mwaka 1987, na kwenye tenki bado kuna neno Danida kwenye saruji. Tuko watu kama 2,100. Vituo vilikuwa 14, sasa 6 havitoi maji na tenki linavuja. Wazee wanasema Wadenishi waliondoka wamekasirika kwa sababu wakubwa walikula fedha. Vijana wanasema ule ulikuwa mkopo na bado tunadaiwa. Juzijuzi tukasikia ubalozi wao unafungwa, mara haufungwi. Mkutano wa kijiji umeniagiza niwaandikie barua ubalozini waje watukarabatie. Niandike? Na wao walikuwa wanapata nini kutusaidia?"

Marahaba mwanangu, na kamwene kwa wote hapo kijijini.

Kwa kuwa umetumwa na mkutano na watu wanasubiri, nianze na majibu ya haraka. Deni hakuna. Kijiji chako hakidaiwi na Denmark hata shilingi, wala wajukuu wenu hawatakuja kudaiwa. Wadenishi hawakuondoka kwa namna wazee wanavyosimulia, ingawa hasira kweli ilikuwepo na nitaieleza. Barua ya ubalozini usiiandike. Iko nyingine ya kuandika, ila nakuomba usome hadi mwisho kwanza, maana bila kujua lile bomba lilifikaje hapo mtaiandika vibaya.

Nilianza kazi mwaka 1984 nikiwa fundi sanifu wa maji mkoani Iringa, na miaka yangu ya mwisho ya utumishi niliimalizia kwenye mambo ya fedha za nje. Bomba kama lenu nimelijua pande zote mbili, mtaroni na mezani. Nikisema jambo hapa nasema kwa niliyoyaona au kwa yaliyoandikwa wazi.

Kwanza, kwa nini Wadenishi na kwa nini Iringa? Mwaka 1971 serikali ilijiwekea lengo kubwa: ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na kwake. Mwaka uliofuata yakaja Madaraka Mikoani, mipango mingi ikahamishiwa mikoani, na kila mkoa ukatakiwa kuwa na mpango wake. Serikali ikawagawia wafadhili maeneo. Ndiyo maana mzee wa Mtwara au Lindi akizungumzia maji atakutajia Wafini, wa Mwanza atakutajia Waswidi, na wa Sumbawanga Wanorwe. Nyanda za juu kusini, yaani Iringa, Mbeya na Ruvuma, zikaangukia kwa Denmark. Kumbuka Iringa ya wakati huo ilikuwa na Njombe na Makete ndani yake, na Mbeya ilikuwa na Songwe ya leo. Ukitafuta nyaraka za zamani usishangae kukuta Ludewa imeandikwa Iringa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu kutoka Denmark, pamoja na Watanzania, waliandaa mpango kabambe wa maji kwa mikoa hiyo mitatu. Walipita kijiji kwa kijiji, wakapima vijito, wakahesabu watu, wakauliza akina mama wanachota wapi na kwa saa ngapi. Baada ya hapo ndipo ujenzi ukaanza, na kwa sehemu kubwa ya milima yetu wakachagua mserereko: dakio juu kwenye chanzo, bomba likashuka, tenki, kisha vituo. Hakuna injini wala dizeli. Nchi ilikuwa imeishiwa fedha za kigeni, mafuta yalikuwa kwa foleni, na pampu nyingi zilizokuwa zimefungwa sehemu nyingine za nchi zilikuwa zimenyamaza. Kwa hali hiyo mserereko ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wote. Bomba lenu linatoa maji kwenye vituo 8 mpaka leo kwa sababu ya uamuzi huo.

Nikupe picha moja ya siku zile, maana nadhani wewe ulikuwa hujazaliwa. Juni 1986, kijiji kimoja cha huko juu Kilolo, ukungu haujapanda, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Kila kaya imepewa kipande chake cha mtaro. Msimamizi, mwanakijiji kama wao, anatembea na fito aliyoikata kimo cha kiuno chake. Anaisimamisha ndani ya mtaro. Ncha ikichungulia juu ya usawa wa ardhi, kaya hiyo inarudi kuchimba. Hakuna aliyebishana na fito. Kwenye kipande kimoja palikuwa na mwamba, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliupiga siku 3, majirani wakamaliza vyao wakaja kumsaidia. Jioni ulanzi ukapita mkono kwa mkono, mabomba yamelazwa kando ya njia yakisubiri.

Usiku ule tulikaa kwenye mkutano. Mpango ulikuwa na masharti: kijiji kichague kamati ya maji, nusu yake wanawake, kifungue mfuko wa maji, na fedha zianze kuingia kabla koki haijafunguliwa. Mhandisi wa Kidenishi aliyekuja nasi, kijana mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alikuwa na swali moja alilolirudia kila kijiji: "Mhazini ni nani?" Asipoonyeshwa mtu, hasaini chochote. Sisi mafundi tulimwona msumbufu. Leo unaponiandikia ukijitambulisha kuwa mhazini, na namba za vituo unazo kichwani, nimemkumbuka sana kijana yule.

Sasa suala la deni. Fedha za serikali ya nje huja kwa namna kuu mbili, ruzuku na mkopo. Ruzuku hairudishwi. Mkopo hurudishwa, hata ule wa masharti nafuu wenye riba ndogo na miaka mingi ya kulipa. Danida si kampuni wala shirika la hiari, ni jina la kazi za maendeleo za Wizara ya Mambo ya Nje ya Denmark, na maji ya vijijini Iringa, Mbeya na Ruvuma yalikuja kwa ruzuku. Hata kama ungekuwa mkopo, kijiji kisingedaiwa. Tangu mwaka 1974 tuna Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada inayompa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa nje kwa niaba ya serikali. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kusaini deni la Denmark hata akitaka. Mkikutana na mtu anayewatisha kwa hilo, au anayewachangisha "kulipa deni la mradi", mwulize karatasi.

Ulichouliza kuhusu wao wanapata nini ni swali zuri kuliko yote, na watu wengi hulikwepa kwa adabu. Jibu langu ni kwamba walipata vitu, na hakuna aibu kuvitaja. Kazi za upembuzi na usanifu zilifanywa na kampuni zao za uhandisi. Sehemu kubwa ya vifaa ilinunuliwa kwao, ndiyo desturi ya misaada ya wakati ule karibu kwa kila mfadhili. Walipata pia sauti. Nchi yenye watu wapatao milioni 6, isiyo na jeshi la kutisha mtu, husikilizwa Umoja wa Mataifa kwa sababu ina marafiki. Lakini kuna sehemu nyingine ambayo si hesabu ya biashara. Nchi za kaskazini zilimwamini Mwalimu Nyerere na alichokuwa anajaribu kukijenga, hawakuwahi kututawala, na raia wao walikubali kutozwa kodi kwa ajili hiyo. Umoja wa Mataifa uliziomba nchi tajiri mwaka 1970 zitoe asilimia 0.7 ya pato lao la taifa. Nyingi zimeahidi na hazijafika. Denmark imelifikia lengo hilo tangu mwaka 1978. Kituo cha elimu cha Kibaha, ambacho nchi hizo za kaskazini zilikijenga kwa pamoja kwa makubaliano ya mwaka 1963 na kutukabidhi mwaka 1970, ni ushahidi wa umri wa urafiki huo. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, urafiki na maslahi, na mtu anayekuambia ni moja tu hajawahi kukaa kwenye meza ile.

Na tusijifanye kwamba siasa haimo. Mwaka 1965, baada ya Muungano, Ujerumani Magharibi ilitaka Ujerumani Mashariki isiwe na uwakilishi wowote kwetu. Tulipokataa masharti yake ikaondoa msaada wa kijeshi. Mwalimu akawaambia waondoe na misaada mingine ya serikali yao. Mwishoni mwa mwaka huohuo tukavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Uhusiano ukarudi mwaka 1968. Nchi changa, maskini, tulikubali hasara hiyo, na mimi bado naona tulifanya sawa. Nakukumbusha hili ili ujue msaada wa nchi kwa nchi umekuwa hivi siku zote: una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na funguo wanazo serikali mbili, wala haziko kijijini.

Hapo ndipo nifike kwenye hasira ya wazee wako.

Mwaka 1994 wafadhili, Denmark ikiwemo, walizuia sehemu ya misaada. Sababu zilikuwa misamaha ya kodi iliyotolewa kiholela na mapato ya serikali yasiyokusanywa. Kwa hiyo wazee hawajatunga; redio ilisema, na kijijini habari ikafupishwa kuwa "wakubwa wamekula". Yaliyofuata ndiyo hayakufika kijijini. Serikali ya Denmark, kwa kukubaliana na Tanzania, iligharimia jopo huru lichunguze uhusiano mzima. Liliongozwa na mchumi wa Kanada, Gerald Helleiner, na ndani yake walikuwemo Watanzania wawili mnaowajua, Ibrahim Lipumba na Benno Ndulu. Ripoti ilitoka mwaka 1995. Ilisema serikali yetu imelegea, kisha ikawageukia wafadhili wenyewe: wana miradi mingi mno, kila mmoja na ofisi yake, magari yake na hesabu zake, wanaipita serikali pembeni, halafu wanashangaa serikali haina uwezo. Sijui nchi nyingi zilizolipia ripoti ya kujikosoa namna hiyo kisha zikaifanyia kazi. Kwa hilo nawaheshimu mpaka leo.

Nilikuwa nimeyaona waliyoyasema kwa macho yangu. Katika mradi mmoja, ambao sitautaja, tulifunga koki zenye nyuzi ambazo hazikufanana na za duka lolote kuanzia Iringa hadi Mbeya. Ilipoharibika moja, kijiji kilifunga kituo kwa mpira wa tairi la baiskeli kwa miezi 7, kikisubiri boksi kutoka Ulaya. Boksi lilipofika lilikuwa na koki 200. Mradi ulikuwa umebakiza miezi 2 kufungwa, na stoo haikuwa na mtu wa kuachiwa funguo.

Basi baada ya mwaka 1995 mambo yakaanza kugeuka, na hapa naomba utulie, kwa sababu ndiyo shina la swali lako. Badala ya Denmark kuwa na "mkoa wake", fedha zikaanza kupitia Hazina na mifuko ya pamoja ya sekta. Wafadhili wakakubaliana na serikali wagawane sekta, kila mmoja achague chache, waache kurundikana. Denmark ikabaki kwenye afya, barabara, mazingira na kukuza biashara. Maji ya vijijini wakayaacha kwa wengine. Kwa hiyo kibao kiliondoka, lakini fedha hazikuondoka. Zilivua koti la Danida zikavaa la serikali.

Nikuonyeshe zilikopita. Kuanzia mwaka 1999 ulikuwepo mfuko wa pamoja wa afya, na Denmark ilichangia humo kwa miaka mingi. Halmashauri zilipata mgao wake, Kilolo pia tangu ilipokuwa wilaya. Mama aliyejifungulia zahanati yenu akakuta glavu na dawa hakuona bendera yoyote, lakini sehemu ya fedha ilitoka hukohuko. Ukipanda basi kwenda Dar es Salaam, lami ya kutoka Mafinga kupita Iringa hadi Iyovi, pamoja na ule mlima wa Kitonga, ilikarabatiwa kwa fedha za Denmark na za serikali yetu. Na kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1989 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwepo HIMA, mradi wa Hifadhi Mazingira Iringa, ambao wazee wako lazima wanaukumbuka kwa mabishano ya vinyungu, yaani bustani za bondeni, na milingoti, yaani mikaratusi. Nitaurudia.

Niseme pia ubaya wa mfumo mpya, maana si wote tuliufurahia. Mfadhili alipokuwa na mkoa wake, kijiji kilimjua mfadhili na mfadhili alikijua kijiji. Kijana yule aliyeuliza mhazini ni nani alikuwa na jina na uso. Hazina ilipoingia katikati, fedha zikawa nyingi na za utaratibu, lakini mtu wa kijijini akapoteza pa kuuliza. Hakuna aliyerudi kwenye vijiji kama chenu kuwaambia kwamba sasa wa kuulizwa amebadilika. Mliachwa na tenki lenye jina la watu ambao hawahusiki tena, na kwa miaka 30 mkaendelea kuwasubiri. Hilo ni kosa letu sisi watumishi, na linaniuma.

Ubalozi nao nisiupite. Novemba 2018 waziri wa maendeleo wa Denmark alitangaza kuzuia kroner milioni 65, kwa kutoridhishwa na hali ya haki za binadamu na kauli za kiongozi mmoja kuhusu wapenzi wa jinsia moja. Mwaka 2021 wakatangaza kwamba wangefunga ubalozi wa Dar es Salaam ifikapo 2024 na kumaliza ushirikiano wa maendeleo wa nchi kwa nchi, kwa kuwa walitaka kuelekeza nguvu kwenye nchi zenye vita na njia za wahamiaji. Serikali yao ilipobadilisha mtazamo kuhusu Afrika, uamuzi huo ukageuzwa na ubalozi ukabaki. Kwa hiyo mlisikia vizuri mara zote mbili. Lakini kubaki kwa ubalozi hakurudishi zama za bomba. Uhusiano wa sasa unazungumza zaidi biashara, uwekezaji, tabianchi. Hakuna dawati pale Dar es Salaam la kukarabati tenki la kijiji, na barua yenu, hata ikiandikwa kwa machozi, itajibiwa kwa heshima na kuelekezwa kwa serikali yenu. Mtakuwa mmepoteza miezi.

Barua iende kwa Meneja wa wilaya wa RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Tangu Julai 2019, chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka huo, maji ya vijijini yako kwa RUWASA, si tena kwa mhandisi wa maji wa halmashauri. Wazee wengi bado hukimbilia halmashauri kwa mazoea. Pelekeni nakala kwa Mkurugenzi na kwa diwani, lakini mhusika mkuu ni huyo meneja. Fedha za ukarabati zina vyanzo kadhaa, mmojawapo ni Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao hupata shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Kijana wa bodaboda anayeweka lita 2 pale Ilula amechangia shilingi 100. Kwa hiyo mnaomba kilicho chenu. Sauti ya barua iwe hivyo, ya mwenye mali, isiwe ya mwombaji.

Kabla ya hapo angalia jambo moja: jumuiya yenu imesajiliwa upya kama chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chini ya sheria hiyo ya 2019? Kama bado mnatumia cheti cha zamani, anzeni hapo.

Kisha hesabu. Kipimo cha kitaifa ni kituo kimoja kwa watu 250, kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, na lita 25 kwa mtu kwa siku. Vituo vyenu 14 vikiwa vizima vinatosha watu 3,500. Vikibaki 8 vinatosha watu 2,000, nanyi mko 2,100. Sentensi hiyo moja kwenye barua ina uzito kuliko kurasa 3 za kulalamika. Ambatisha majina ya vitongoji vya vituo vilivyokufa, tarehe kila kimoja kilipokauka, na nakala ya daftari la mfuko inayoonyesha mmekusanya kiasi gani mwaka jana na salio lenu. Mfuko ukiwa na salio, hata dogo, meneja anajua tenki likizibwa litakuwa na mtu wa kulitunza.

Swali atakalowauliza, na msipokuwa na jibu mtarudi mikono mitupu, ni hili: chanzo kina maji kiasi gani? Huenda vituo 6 vimekauka kwa sababu ya mabomba na tenki, huenda ni kwa sababu chanzo chenyewe kimepungua. Dawa zake ni tofauti kabisa. Ndipo nawarudisha kwa HIMA. Walikuja wakasema milingoti isipandwe kwenye vyanzo kwa sababu inafyonza maji, na vinyungu visisogezwe hadi kwenye jicho la chemchemi. Watu wakagomba, na nawaelewa; kinyungu ndicho kilikuwa kinawapa mahindi mabichi na maharage miezi ya njaa, na wataalamu wengine waliongea kama vile watu wanalima bondeni kwa ukaidi. Lakini juu ya milingoti walikuwa na haki. Leo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu chanzo ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo. Nendeni mkaangalie ndani ya mita 60 zenu kuna nini, na ni ya nani. Inaweza kuwa kazi ngumu kuliko barua, maana mwenye milingoti mara nyingi ni mtu wa kamati.

Upimaji ni rahisi. Nendeni mwishoni mwa Oktoba kabla mvua hazijaanza, wewe, fundi wenu na wazee wawili wanaokumbuka maji ya zamani. Kusanyeni maji yote ya dakio kwenye kipande cha bomba, wekeni ndoo ya lita 20 chini yake, tumieni saa ya simu. Rudieni mara 5 mchukue wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 25, hiyo ni lita 69,120 kwa siku, inatosha watu 2,764, na tatizo lenu ni mabomba na tenki. Ikijaa kwa sekunde 35, mnapata kama lita 49,370, zinazotosha watu 1,974 tu. Hapo hata Wadenishi wangerudi wote na saruji yao, vituo 14 visingetoka maji kwa wakati mmoja, na barua ibadilike: iombe chanzo cha pili.

Andika sekunde hizo kwenye daftari la mfuko, kwa wino, na tarehe, na majina ya waliokuwepo. Kisha nitumie. Aya ya pili ya barua tutaiandika pamoja.